Uyahudi haukuishia kwa Malaki

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina shahada ya kwanza ya theolojia na nataka kusoma uzamili katika historia, dini na utamaduni wa Wayahudi. Agano la Kale nimelimaliza lote darasani. Nimempata mtu mtandaoni anayefundisha Kiebrania kwa wiki sita na kutoa cheti. Anasema kila herufi ina siri yake. Je, cheti hicho kitanisaidia kupokelewa? Na mimi ni Mkristo, watanikubali? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Marahaba. La Ukristo lisikukoseshe usingizi. Oxford, University College London, Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, hakuna anayekuuliza unasali wapi. Heidelberg, Ujerumani, kuna chuo kilichoanzishwa mwaka 1979 kwa ajili ya masomo haya tu, nacho hupokea wa dini zote na wasio na dini. Watakachotaka kujua ni lugha unazosoma na kiwango chako.

Kilichonisimamisha ni neno lako "nimelimaliza". Barua za namna hii napata kila muhula. Mtu ametoka Mwanzo akafika Malaki, anaona amewamaliza Wayahudi, kana kwamba baada ya Malaki walikaa kitako wakingoja. Ndugu yangu, hapo hujafika hata nusu ya njia. Mishna, yaani sheria za mapokeo ya marabi, ilikusanywa karibu mwaka 200 baada ya Kristo. Talmudi ya Babeli, yaani mijadala ya marabi juu ya Mishna hiyo, iliyozaliwa katika Iraki ya leo, ina karatasi 2,711 zenye pande mbili. Wanaosoma karatasi moja kila siku huimaliza kwa karibu miaka saba na nusu.

Chukua Kutoka 21:24, "jicho kwa jicho". Mimbarani kwetu mstari huo hutumika kuonyesha kwamba dini ya Wayahudi ni ya kisasi. Sasa fungua Bava Kamma, kitabu cha Talmudi kinachohusu madhara na fidia, sura ya nane. Mishna inasema aliyemjeruhi mwenzake atalipa mambo matano: kilema chenyewe, maumivu, matibabu, siku alizokosa kazi, na aibu. Kilema kinathaminiwa kama vile majeruhi angekuwa mtumwa sokoni: kabla angeuzwa bei gani, na sasa bei gani? Kisha marabi wanabanana kwa maswali. Jicho la mmoja likiwa kubwa na la mwenzake dogo, hapo pana usawa gani? Na kipofu akimtoboa mtu jicho, yeye utamtoa nini? Wanahitimisha kwamba ni fidia ya mali. Mwanafunzi asiyeijua sura hiyo ataandika tasnifu nzima juu ya dini isiyokuwepo.

Na uutazame ukurasa wenyewe wa Talmudi. Katikati hoja za Babeli; ubavuni maelezo ya Rashi, mtu wa Troyes, Ufaransa, aliyefariki mwaka 1105; upande wa pili wanafunzi na wajukuu zake wakimpinga. Mpangilio huo ulishika mizizi Venice katika miaka ya 1520, na mchapaji wake, Daniel Bomberg, alikuwa Mkristo kama wewe.

Lugha, basi. Sehemu kubwa ya Talmudi hiyo ni Kiaramu. Maimonides, rabi mkubwa wa karne ya 12, aliandika falsafa yake kwa Kiarabu chenye herufi za Kiebrania, kama wazee wetu wa pwani walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ndiyo maana kijana aliyepita madrasa wakati mwingine huwaacha mbali wenzake wa theolojia, maana nyaraka za sinagogi la Ben Ezra, Kairo, ambazo nyingi ziko Cambridge, zimejaa Kiarabu cha aina hiyo: hati za ndoa, madeni, barua za wafanyabiashara wa Aden na India wakilalamikia pilipili na mizigo iliyozama. Ukikosa mada, Abayudaya, Waafrika wa karibu na Mbale, Uganda, wameishika dini ya Kiyahudi tangu mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, mwaka 1919.

Sasa huyo wa siri za herufi. Mafundisho yake nayajua kabla hujaniambia. Alef ni ng'ombe, bet ni nyumba, kwa hiyo "av", yaani baba, ni nguvu ya nyumba. Watu wanapiga makofi. Ni kweli majina ya herufi hizo yametoka kwa ng'ombe na nyumba, lakini "oyev" nalo linaanza na alef na kuishia na bet, na maana yake ni adui. Huyo naye ni nguvu ya nyumba gani? Neno hupata maana kwa jinsi watu walivyolitumia, na hao watu ndio anaowaruka: miaka elfu mbili ya waliogombana, kuoana na kudaiana kwa herufi hizo. Ndiyo maana siri zake zinatosha wiki sita. Kujifunza sarufi kwa uzito, mpaka usome Ruthu bila kamusi kila mstari, kunachukua mwaka au zaidi, na cheti chake hakitafupisha hata siku moja.

Biashara hii imeenea. Leo cheti, kesho shali ya maombi, keshokutwa jina jipya la Kiebrania kwa ada ya ziada, na wanaolipa ni vijana wenye kiu ya kweli ya elimu. Kabla hujatuma pesa, mtumie picha ya gazeti lolote la Tel Aviv, ambalo huchapwa bila nukta za irabu, na umwombe akusomee aya moja kwa sauti, papo hapo, simu ikiwa hewani.