Kabla uongeze koneksheni za databesi, uliza kwanza nani hajarudisha

Kuna sistemu ya stoki niliandikia hadwea moja hapa Kisumu, Java kwenye Tomcat (seva inayoendesha programu za Java), nyuma yake databesi ya MySQL, na hiyo sistemu ilinitoa jasho kuliko kazi yoyote nimewahi shika. Asubuhi iko sawa. Ikifika saa nne saa tano hivi keshia ananipigia, "Fundi, inazunguka tu." Na kweli ukifungua ukurasa unaona kale kaduara kanazunguka, hakuna erori, logi imenyamaza kabisa. Mimi naishi Kondele, napanda boda mbio, nafika nazima Tomcat nawasha, inakubali, wananishukuru, kesho tena.

Nikaamua kuongeza namba. Puli inayokuja na Tomcat, yaani akiba ya koneksheni za kwenda databesi, usipoandika maxTotal inakupa koneksheni 8 tu, na usipoandika maxWaitMillis anayekuja wa tisa anangoja milele, ndio maana hakukuwa na erori yoyote. Nikaweka 50, ikatulia siku kadhaa. Ikarudia. Nikaweka 200 na hapo ndio niliharibu kabisa juu MySQL yenyewe usipoigusa mwisho wake ni 151, ikaanza kutupa "Too many connections" na ikaangusha hadi sistemu ya mishahara iliyokuwa kwa MySQL hiyo hiyo na haikuwa imekosea mtu. Mwenye duka hakupiga kelele. Aliniuliza tu polepole, "Sasa kijana, hata mishahara?"

Huku kwetu ukikodi viti vya matanga, vikitoka kwako vinaenda boma lingine. Puli ni hivyo hivyo. Kufungua koneksheni mpya kila mara kunakula muda, kwa hivyo chache zinakaa tayari, unachukua unatumia unarudisha, na ile close() ukiwa na puli haikati kitu, ni kurudisha kiti tu. Sasa mimi nilikuwa nanunua viti vingine na sijauliza vile vya kwanza viko kwa nani.

Kuuliza ni rahisi. Kwa ile Resource (sehemu inayoeleza puli) ndani ya faili la META-INF/context.xml niliongeza removeAbandonedOnBorrow="true", removeAbandonedTimeout="60" na logAbandoned="true", yaani koneksheni ikikaa sekunde 60 haitumiki wala haijarudishwa, puli iinyang'anye na iandike kwa logi nani aliichukua, alafu nikashusha maxTotal hadi 10 makusudi ndio shida ijitokeze haraka. Lisaa halikuisha. Logi ikanitajia klasi na mstari wenyewe: ukurasa wa kutafuta bidhaa. Nilikuwa nimeandika kama hakuna matokeo, return, yaani toka hapo hapo, na close() iko mistari mitano chini ya hiyo return! Yaani kila keshia akitafuta kitu akikosa, koneksheni moja imeenda hivyo. Nane zikienda, kwisha. Ndio nikaelewa mbona mambo yalikuwa mabaya zaidi stoki ikipungua, misumari imeisha, simiti imeisha, watu wanatafuta wanakosa, na sistemu inakufa nao.

Dawa ni kufungua koneksheni ndani ya mabano ya try, try (Connection c = ds.getConnection()), inajirudisha yenyewe hata ukitoka katikati au erori ikitokea. Iko tangu Java 7, 2011. Nilikuwa naijua, uvivu tu.

Hiyo 60 usiiache hapo lakini, kuna ripoti za mwisho wa mwezi zinachukua dakika mbili na itazinyang'anya koneksheni zikiwa kazini. Niliirudisha 300. Na maxWaitMillis weka 10000, afadhali mtu aone erori baada ya sekunde kumi kuliko kaduara.

Kama ndio unaanza na ukaona "Cannot create JDBC driver of class '' for connect URL 'null'", usihangaike na paswadi kwanza, angalia jina la puli liwe sawa kwa mafaili yote mawili. Mimi nilikuwa na jdbc/Duka kwa web.xml na jdbc/duka kwa context.xml, herufi moja ikanila jioni nzima. Jar ya MySQL (faili la dereva linaloiwezesha Java kuongea na MySQL) nayo iweke kwa lib ya Tomcat yenyewe, sio WEB-INF/lib ya sistemu yako.

Wa Spring Boot (njia nyingine ya kujenga sistemu za Java) mko na puli inaitwa HikariCP tangu 2.0, yenyewe inakupa 10 na inangoja sekunde 30 tu. Kuwinda asiyerudisha mtatumia leakDetectionThreshold, huwa imezimwa mpaka uiwashe.

Ile ya hadwea iko na maxTotal 10 mpaka leo. Makeshia ni watatu, na sijawahi kuona zikipita nne.