Muulize Mwalimu wa Ndege: Usitazame saa, tazama maji

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimehamia Watamu mwaka huu kikazi, natokea Kitale. Nilisoma humu kwamba kuanzia Agosti ndege wa ng'ambo hujaa hori ya Mida, ule mkono wa bahari ulioingia bara. Nilikwenda siku ya mwezi mpevu, saa nne asubuhi. Nilikuta tope mpaka macho yanapoishia, na ndege wako kule mbali kama punje za mtama. Wenzangu mnawaonaje? – Mgeni wa Watamu

Jibu: Marahaba, mwanangu, na karibu Pwani. Mahali hukukosea, ulikosea maji. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji ni ya bamvua, yaani hujaa sana na kupwa sana. Saa nne asubuhi yamekupwa kabisa, na ndege wametawanyika tope zima wakila. Ungerudi siku ile ile saa nane mchana, ukasimama kwenye kibanda kule mwisho wa daraja la mbao, ungedhani umeletwa hori nyingine. Maji huingia kimyakimya kwa mikondo, tope linapungua, na ndege wanasogezwa kidogo kidogo kuelekea mikoko, yaani kuelekea kwako. Jua nalo liko mgongoni, kila unyoya unaonekana. Baharini maji hujaa mnamo saa kumi alasiri. Mida huchelewa kidogo kwa kuwa mlango wake ni mwembamba. Kabla hayajajaa, kuna kama nusu saa ambapo wote wamebanana kwenye kipande cha mwisho cha mchanga, na hapo ndipo mimi huacha kuzungumza.

Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka, maji hujaa asubuhi. Ndiyo maana matembezi yetu ya Jumamosi hayana saa moja maalumu. Mvuvi yeyote atakwambia maji ya kesho yakoje, na atakwambia vizuri kuliko mimi.

Jambo moja nakuomba. Wakishasogea, usiteremke topeni kuwafuata. Nimeshaona watu wakilikimbilia kundi zima ili lipae wapige picha, na siku hiyo nilirudi nyumbani nimeumia. Ndege hawa wametoka mbali, wamekonda, na kila wanaporushwa wanapoteza mafuta waliyoyatafuta tangu maji yalipokupwa. Simama kibandani. Kiingilio unacholipa pale darajani husaidia karo za watoto wa sekondari wa vijiji vya jirani na Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke, kwa hiyo hujapoteza kitu.

Swali: Assalaam alaykum Mwalimu. Mimi naishi Muscat, lakini kwetu ni Malindi. Huku Oman, pwani ya Barr Al Hikman, kuna ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi, anakula kaa. Nikiwa mdogo nilimwona Mida. Je, ni huyu huyu? – Binti wa Malindi

Jibu: Waalaykumu salaam, binti yangu. Ni huyu huyu, na barua yako imenifurahisha kuliko zote mwezi huu. Sisi kwenye matembezi tunamwita mla-kaa. Yuko peke yake katika jamii yake, hana ndugu wa kufanana naye. Huzaliana kwenye visiwa na fukwe za mchanga kuizunguka Bara Arabu, toka Bahari ya Shamu hadi Ghuba, wakati wa joto kali. Hakai juani juu ya kiota kama vitwitwi na ndege wengine wa ufukweni. Huchimba shimo refu mchangani, linaloweza kupita mita moja, na ndani yake hutaga yai moja tu, jeupe. Joto la mchanga wenyewe humsaidia kulitamia. Msimu ukiisha, wengine hubaki huko kwenu Oman na wengine hushuka mpaka kwetu.

Jumamosi iliyopita nilimtazama mmoja kwa muda mrefu. Nyuma yake alikuwa mtoto wake, wa kijivu, mkubwa karibu sawa na mama. Kila mama alipoinamisha kichwa, mtoto alipiga mluzi na kusogea. Mama akanasa kaa, akamtikisa mpaka miguu miwili ikang'oka, akamwachia mtoto. Safari yote hiyo toka Uarabuni, na bado analishwa. Wanafunzi niliokuwa nao hawakutaka kuondoka, wala mimi.

Swali: Mwalimu, nasoma kidato cha pili, hapa Gede. Sina darubini. Wale wadogo wa kahawia wote naona ni sawa tu. Nifanyeje? – Mwanafunzi

Jibu: Acha rangi kwanza, tazama anavyokula. Akikimbia, akasimama ghafla, akadonoa mara moja, akakimbia tena, huyo huwinda kwa macho yake makubwa; wengi wa aina hii wanatoka majangwa na milima ya Asia ya Kati. Akiinama asiinuke, mdomo unapanda na kushuka topeni kama sindano ya cherehani, na ncha yake imepinda chini, huyo ametoka kaskazini kabisa mwa Siberia. Akikimbia ovyo kama aliyechelewa shule, miguu ya manjano, mdomo umepinda juu, huyo anafukuza kaa wadogo. Maji yakijaa utamkuta amepanga foleni na wenzake juu ya tawi la mkoko.

Na kuhusu yule wa Siberia, ujue hili. Wakubwa hutangulia, wengine hufika Agosti kifua bado chekundu kama tofali. Watoto wao hufuata Septemba na Oktoba, bila mzazi wa kuwaonyesha njia. Kinda aliyeanguliwa Julai anavuka nusu ya dunia, anatua Mida, na anajua pa kuchomeka mdomo. Miaka yote hii nikimwona wa kwanza huwa navua kofia.

Ukikaa mpaka magharibi, angalia juu: keremkerem wekundu huja kulala mikokoni makundi kwa makundi. Novemba tutaanza kumtafuta kozi wa Amur, ndege mdogo wa mawindo anayevuka bahari kutoka India.

Jumamosi ijayo mwezi unaandama, kwa hiyo tunakutana darajani saa nane kasoro robo. Darubini yangu tutapokezana. Vaa viatu usivyojali vikilowa.