Bogoria: mbona yai langu halikuiva?

SWALI: Hamjambo hapo gazetini? Juzi tulienda Ziwa Bogoria na familia, kila mtu alikuwa anatuambia bebeni mayai mtachemshia kwenye zile chemchemi, basi tukabeba. Langu nikalitoa baada ya dakika tano hivi, kulipasua ute bado majimaji, watoto wananicheka hadi leo. Kando yetu kulikuwa na mzee anajaza maji kwa chupa eti dawa ya tumbo. Sasa yale maji yanachemka kweli ama ni mapovu tu? Na yananyweka?
Mama Mayai

JIBU: Pole Mama Mayai, lakini chemchemi umeionea bure. Yanachemka kweli, ni vile Bogoria iko kama mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na huko juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, pale ni kama 96 ama 97 hivi, halafu nyinyi wageni mnaweka mayai pembeni kwenye kijimto ambako yashaanza kupoa (na msisogee, ukingo mwingine ni gamba jembamba tu, ukikanyaga mguu unazama kwa maji ya moto). Next time funga mayai kwa wavu wenye kamba ndefu, yakae dakika kumi na kitu.

Mapovu pia yapo. Mvua inazama kwenye nyufa za Bonde la Ufa, inakutana na miamba ya moto huko chini, inapanda tena na mvuke na kaboni dayoksaidi, ndo zingine zinaruka juu vile mliona. Njiani inayeyusha madini, hayo maji yakikauka yanaacha ule ukoko mweupe kwa mawe, karibu kama magadi ya jikoni.

Kunywa, hapana. Floraidi (madini yaliyoyeyuka humo) iko juu sana, WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na yale maji yanapita hapo mbali kabisa. Meno ya watoto ndo huharibika kwanza, yanakuwa ya kahawia na hiyo rangi haitoki kwa mswaki. Mzee simcheki, Waendorois, wenyeji wa hapo, wameliheshimu hilo ziwa kama mahali patakatifu pa tiba tangu zamani, ila chupa ya kunywa kila asubuhi ni kitu kingine.

Mkirudi, ulizeni kwanza geti ni chemchemi gani bado ziko wazi, maana ziwa limepanda miaka hii na zingine za Loburu, sehemu moja yenye chemchemi hapo ziwani, zimefunikwa. Na mbebe chumvi.