Jibu: Mama anaacha dawa za presha kila akijisikia nafuu

Habari yako ndugu, pole na mauguzi. Nimekuelewa: mama ana presha, dawa anazo, lakini akijisikia vizuri anaziacha, na ukimkumbusha mnagombana. Nimepitia hayohayo na baba.

Usimwone mkaidi. Presha mara nyingi haina maumivu, ila gharama ya tiba anailipa leo: nauli ya kliniki, foleni, miguu kuvimba kwa amlodipine, mojawapo ya dawa za presha. Faida ya dawa ni kiharusi ambacho hakitatokea, na kisichotokea hakionekani. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani liliandika kwamba hata nchi tajiri ni kama asilimia 50 tu ya wagonjwa wa maradhi sugu wanaofuata tiba ipasavyo.

Anza kwa kuhesabu vidonge vilivyobaki, kisha muulize taratibu kinachomkera. Baba alikuwa anaruka dawa kila siku ya mnada, kwa sababu dawa yake ya kupunguza maji ilimbana njiani kwenye basi. Miezi yote namhubiria kiharusi, kumbe shida ni choo! Nilijisikia vibaya sana. Daktari akakubali siku hizo aimeze akisharudi mchana.

Vidonge vingine tulivifunga kwa mpira kwenye chupa ya chai. Hamimini kikombe cha asubuhi bila kuvigusa. Ugomvi ukaisha.

Dozi usiiguse mwenyewe. Miguu ikivimba, mrudishe kliniki, dawa za presha ziko za aina nyingi.