Shangazi, nisipovaa sare watanionaje?

*Shikamoo shangazi. Mwezi huu nina shughuli tatu, zote za sare. Mshahara wa dukani hautoshi, nimeshakopa kausha damu. Nikikosa sare najiona si mtu. (Mwenye madera kumi na moja, Ngamiani)*

Marahaba mwanangu. Kumi na moja! Mimi niliwahi kuuza cherehani ya marehemu mama kwa ajili ya harusi ya mtu ambaye leo tukikutana soko la Mgandini hunipita kama mzigo wa mihogo, kwa hiyo sikucheki.

Chagua shughuli moja, ya mtu wako wa damu au wa kufa na kuzikana. Wale wawili waambie mapema, kabla kitambaa hakijagawiwa: "Shoga, sare sitaiweza, ila usiku wa kuamkia nitakuja kukuna nazi." Kisha nenda na nguo yako safi, usijifiche jikoni. Siku hiyo utawashwa mwili mzima, sikudanganyi. Ukirudi, hesabu waliokusema kwa masikio yako, si wale uliowadhania.

Mwaka 1902 msomi wa Marekani, Charles Cooley, aliandika kwamba binadamu hujitazama kwenye kioo cha wenzake, yaani hujipima kwa anavyodhani wanamwona. Shikilia hapo kwenye "anavyodhani". Wewe unakopa kwa riba ili kuwanyamazisha watu ambao pengine hawajafungua mdomo. Shughuli ya pili bila sare itakuwa nyepesi kuliko ya kwanza. Lipa hilo deni kwanza.

*Shangazi, nikiweka picha status, kila nikishusha abiria naangalia nani kaona. Wakiwa wachache siku yangu imeharibika. (Bodaboda, Makorora)*

Kijana, status inafutika baada ya saa 24, na wewe unaifanya mizani! Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya faragha, uzime zile tiki za bluu. Ukizizima, hutaona tena nani katazama status yako. Jaribu wiki mbili. Na tafadhali, ukiwa na abiria simu ikae mfukoni.

*Kujipenda si kiburi? (Mama wa Kisosora)*

Hapana. Mwenye kiburi hawezi kukaa peke yake, lazima awepo mtu wa kumdharau.

*Nina miaka 34, nimejenga Pongwe kwa jasho langu, lakini baba hajawahi kuniambia "umefanya vizuri". Kila nikimaliza kitu nasubiri neno lake. (Kijana wa Pongwe)*

Hili limenikaa rohoni. Wazee wengi wa pwani yetu hawamsifu mtoto mbele yake, wanaogopa kijicho. Huenda barazani kwa wenzake anakutaja mpaka wamemchoka. Huenda pia hakutaji. Vyovyote iwavyo, usiiache nyumba yako bila mlango ukisubiri neno lake.

Fundi akikupigia plasta vizuri unamwambia. Jiambie na wewe, kwa kutaja kazi yenyewe: "Leo nimemaliza lenta, na nondo nilizihesabu mwenyewe." Maneno ya "mimi ni bora" yaache, hata moyo wako hautayaamini. Ukikosea pia, jisemeshe kama unavyomsemesha rafiki yako aliyekosea. Najua hutamwita mjinga.

Ijumaa baada ya sala kamtembelee mzee. Mpelekee mkate wa kumimina, muulize habari za miguu yake. Picha za nyumba ziache kwenye simu.