Kamba ya Mshale wa Redio Haikatiki Bure

Ujumbe wa msomaji mmoja ndio uliozaa makala hii. Amefunga kamba mpya ya mshale, yaani ule uzi unaounganisha nobu ya kutafutia stesheni na mshale wa kwenye kioo, kwenye redio ya valvu (ile ya zamani yenye taa za kioo ndani) mara tatu. Mara ya kwanza mshale ulikwenda kushoto huku nobu ikizungushwa kulia. Mara ya pili kamba iliteleza kwenye shafti, yaani fimbo ya nobu. Mara ya tatu ilifanya kazi siku mbili, kisha ikakatika palepale ilipokatikia ile ya zamani. Sasa anauliza anunue kamba ya aina gani iliyo ngumu zaidi.

Asinunue kitu kwanza. Kamba inayokatika mara mbili mahali pamoja inakatwa na kitu, na kitu hicho kipo ndani ya redio hadi sasa. Kamba inayoteleza, nayo, mara nyingi inavuta kitu kizito kuliko inavyopaswa. Inaumiza kuona redio nzima, yenye valvu zake na spika yake, ikitupwa stoo kwa ajili ya mita moja na nusu ya uzi. Inaumiza zaidi pale uzi wenyewe unapolaumiwa bure.

Umeme kwanza, bila mzaha. Kuchomoa plagi hakutoshi. Kapasita za kuchujia, vifaa vinavyotunza chaji ya umeme ndani ya redio, zinaweza kubaki na volti 200 hadi 300 baada ya redio kuzimwa. Zipime kwa mita. Kama zina chaji, zimwage kupitia rezista ya kiloomu 10 yenye uwezo wa wati 5, kisha upime tena. Usizimwage kwa kugusanisha miguu yake kwa bisibisi. Redio zisizo na transfoma ya umeme zina hatari nyingine: chesisi yake, yaani fremu ya chuma inayobeba vifaa vya ndani, huweza kuwa imeungwa moja kwa moja na waya wa umeme wa ukutani, kwa hiyo usiijaribu ikiwa wazi mezani huku umeishika.

Ng'oa nobu zote, fungua skrubu za chini, vuta chesisi nje taratibu. Kioo chenye namba za stesheni usikifute upande wa nyuma, si kwa spiriti wala kwa maji. Maandishi yale ni rangi iliyopakwa juu ya kioo, na ikishabanduka hairudi. Vumbi litoe kwa brashi laini iliyo kavu.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi: wanashika mkasi. Kamba ya zamani, hata iliyokatika, ndiyo ramani yako. Piga picha kutoka juu, mbele na kando. Kisha chora kwa mkono, kwa sababu kuchora kunakulazimisha kuangalia kile ambacho picha inakiruka: kamba inapita upande gani wa kila puli (kigurudumu kidogo kinachoiongoza), imezunguka shafti ya nobu mara ngapi na kwa mwelekeo upi, inaingia kwenye ngoma kwa tundu lipi, na springi imeshikwa wapi. Ngoma ni lile gurudumu kubwa lililo kwenye kapasita badilifu, yaani ile yenye mabati yanayoingiana. Ukishachora, toa kamba, ipime urefu, uihifadhi kwenye bahasha mpaka redio irudi ndani ya kasha lake.

Kama kamba ilishapotea, bado njia inapatikana. Funga kapasita kabisa, mabati yanayozunguka yaingie yote ndani. Hiyo ndiyo sehemu ya masafa ya chini, na kwenye mawimbi ya kati mshale unapaswa kuwa karibu na kHz 530. Angalia namba hiyo iko upande gani wa kioo. Nobu ikizungushwa kulia, mshale huelekea kulia. Mambo hayo mawili yanatosha kukuonyesha kamba inapita wapi. Tumia uzi wa kushonea kujaribu njia kabla ya kukata kamba halisi.

Sasa tuje kwenye chanzo. Kamba ikiwa imetolewa, zungusha shafti ya nobu kwa vidole viwili. Izunguke bila kukwaruza wala kuganda. Isukume ngoma kwa kidole kimoja, isogee mwanzo hadi mwisho kwa uzito uleule. Gusa kila puli, iende yenyewe. Katika redio ya miaka mingi, grisi ya zamani kwenye shafti huwa imegeuka kitu kama nta ngumu, na hiyo peke yake inatosha kuifanya kamba iteleze. Tia tone la spiriti, zungusha, futa, rudia mpaka kitambaa kitoke safi, ndipo uweke tone moja la mafuta ya cherehani. Tone moja tu, kwenye ekseli. Mafuta yakifika kwenye mfereji wa puli au pale kamba inaposhika shafti, umejitengenezea utelezi kwa mkono wako.

Baada ya hapo pitisha kipande cha uzi wa pamba kwenye kila puli na kwenye ukingo wa tundu la ngoma. Kikinasa, umempata mkataji. Tundu lile ndilo la kushukiwa kwanza, maana kamba hujikunja pale kwa pembe kali na hubaki imekazwa siku zote. Lainisha ukingo kwa msasa namba 600 hadi uzi upite bila kushikwa. Puli iliyoganda nayo hukata: kamba huburuzwa juu yake badala ya kuizungusha, na mfereji unachimbika. Mabati ya kapasita yawe yamefungwa muda wote huo. Bati moja likipinda na kugusa jirani yake, stesheni za eneo lile la kioo zitapotea.

Kuhusu kamba yenyewe: iwe imesukwa, isivutike, unene kati ya milimita 0.7 na 1. Redio ndogo za transista hutaka nyembamba zaidi. Kamba ya nailoni iliyosukwa juu ya kiini cha nyuzi za kioo ndiyo bora. Mshipi wa kuvulia uliosukwa hufaa pia. Mshipi wa uzi mmoja, ule unaong'aa, haufai hata kidogo: unavutika, unateleza, na fundo lake hufunguka. Uzi wa pamba hulegea na kukaza kufuatana na unyevu wa hewa. Nene kupita kiasi hupandana kwenye shafti, na nyembamba mno huanguka kando ya puli. Kata urefu wa ile ya zamani ukiongeza sentimita 30. Redio iliyotoka kiwandani na waya wa chuma ibaki na waya wa chuma.

Funga kapasita kabisa na ubane ngoma kwa utepe wa karatasi wenye gundi isizunguke. Funga ncha ya kwanza kwa fundo mara mbili, uweke tone la rangi ya kucha, uache likauke. Pitisha kamba kwa kufuata mchoro, na kila inapopita puli ibane kwa kipande cha utepe huo. Bila vipande hivyo utahitaji mikono minne. Kwenye shafti ya nobu zungusha mara mbili na nusu hadi tatu. Ukipunguza, itateleza. Ukizidisha, mizunguko itapandana, kwa sababu inatembea kando kando shafti inapozunguka na inahitaji nafasi. Iingie upande mmoja na kutokea upande wa pili, mizunguko ikiwa imelala sambamba.

Springi ndiyo inayoamua kama kazi itadumu. Fundo la mwisho lifunge kwenye springi ikiwa haijatundikwa, kisha ivute kwa kulabu ya kufumia hadi kwenye pini yake. Ikiwa springi iliyolegea ina milimita 20, ikitundikwa ifike kama 30. Ikikaza zaidi ya hapo, puli zinalemewa na pini za plastiki zinapinda. Ikilegea, nobu itazunguka kidogo kabla mshale haujaanza kusogea. Usikubali fundo la "karibu sawa". Lifungue, urudie.

Toa vipande vya utepe, kisha zungusha nobu mwanzo hadi mwisho mara kumi ili kamba ikae. Fanya hesabu hii: kapasita huzunguka nusu duara tu, kwa hiyo mshale husafiri nusu ya mzingo wa ngoma. Ngoma ya kipenyo cha milimita 80 huupeleka mshale milimita 126 hivi. Kwa shafti ya milimita 6, hiyo ni chini kidogo ya mizunguko 7 ya nobu. Ukihesabu mizunguko tisa, kamba inateleza, hata kama jicho halioni. Dawa ya utelezi mdogo ni unga wa utomvu mkavu wa msonobari, ule ambao wapiga fidla hupaka kwenye upinde, uweke kidogo tu pale kwenye shafti.

Mshale ukienda kinyume, usifumue kila kitu. Jiulize unakwenda kinyume na nini. Kama kapasita na mshale vinakubaliana, lakini nobu inapinga, geuza mwelekeo wa mizunguko ya kwenye shafti peke yake. Kama mshale unapingana na kapasita, yaani mabati yakifunga mshale unakimbilia masafa ya juu, umeubana kwenye kamba ya kurudi badala ya ile ya kwenda. Msomaji wetu alikuwa na tatizo la kwanza, akafumua yote.

Mshale hubanwa mwisho wa yote. Funga kapasita, uweke mshale kwenye alama ya mwanzo wa kioo, washa redio ikiwa ndani ya kasha, tafuta stesheni ambayo masafa yake unayajua. Ikiwa stesheni zote zimepishana kwa kiasi kilekile, sogeza mshale, kisha tone la rangi ya kucha kwenye kibanio. Lakini zikiwa sawa upande mmoja wa kioo na kupotoka upande wa pili, hilo si suala la mshale tena wala la kamba. Ni marekebisho ya kapasita ndogo na koili za ndani, kwa hiyo acha mshale ulipo.