Mtokondria mmoja, mitokondria mingi? Na "tiba ya mitokondria" inatibu nini?

Msomaji mmoja anaandaa maelezo kwa wagonjwa wa bega na ameniletea sentensi hii: "Mshipa wa bega ukikatika msuli hukonda, na tiba ya mitokondria hurudisha nguvu kwa kuwa mtokondria mzima hupandikizwa kwenye msuli." Anauliza kama umoja ni mtokondria na wingi mitokondria, na kama hayo mengine yako sawa.

Tuanze na hiyo mtokondria, yaani sehemu ya seli inayotengeneza nishati. Hapana, ndugu yangu, ingawa naelewa umeitoa wapi, manake sikio la Kiswahili likisikia mi- linatafuta m- hapohapo kama mti na miti. Neno lilitungwa na Mjerumani Carl Benda mwaka 1898 kwa maneno mawili ya Kigiriki, mitos yaani uzi na chondrion yaani chembe, kwa hiyo mi- ni sehemu ya shina. Najua utaniambia mbona kitabu kimepata vitabu wakati ki- yake nayo ni ya shina la Kiarabu, na kweli, lugha yetu inayafanyia hivyo maneno ya kigeni tangu zamani. Lakini kitabu kilizoeleka midomoni mwa watu wote, mtokondria bado haijazoeleka kwa yeyote, ukiiandika mgonjwa akienda kuitafuta haipati. Iweke ngeli ya I-ZI basi: mitokondria imeharibika ikiwa moja, zimeharibika zikiwa nyingi.

Sasa hapo kwenye "tiba ya mitokondria" ndo kuna kazi, na hukuniuliza. Hiki kiunganishi -a tunakitumia kotekote: tiba ya kansa inaiondoa kansa, tiba ya mionzi inatumia mionzi, sura ni ileile ila maana zimeachana kabisa na anayezitenganisha ni msomaji anayejua tayari kwamba kansa ni ugonjwa na mionzi ni kifaa. Mitokondria je? Mgonjwa hajawahi kuisikia, atadhani ni ugonjwa mwingine amepata juu ya bega! Na kinachofanyika ni kwamba mitokondria zenye afya zinatolewa kwenye seli nyingine na kuingizwa kwenye msuli uliodhoofika. Andika "tiba ya kutumia mitokondria", neno moja tu limeongezeka na utata umekwisha.

Kupandikiza siyo kosa, watafiti wanalitumia, ila limeshashikana na figo na upasuaji, na hapa kinachotumika ni sindano, kwa hiyo mimi ningesema kudunga.

Hukonda nalo litoe. Mtu akikonda mafuta yanapungua, lakini msuli wa bega ukiachwa na kano iliyokatika, yaani kile kinachounga msuli na mfupa, nyuzi zake zinasinyaa huku mafuta yanazidi kujipenyeza ndani, ndiyo maana madaktari wana vipimo vya daktari Mfaransa Goutallier vya mwaka 1994, kuanzia 0 hadi 4, vya kukadiria mafuta hayo. Sema unasinyaa. Wala usiseme umepooza, maana kupooza kunampeleka mtu kwenye neva. Na mshipa, jamani, mshipa unabeba damu, mshipa wa fahamu unabeba hisia, sasa tukiubebesha na kazi ya kuunga msuli na mfupa mgonjwa atajuaje kilichokatika ni kipi? Hiyo ni kano. Ikiwa imeachana yote imekatika, ikiwa ni sehemu tu imechanika.

La mwisho, na hili linanigusa zaidi kwa sababu anayesoma ana maumivu: hiyo hu- ya "hurudisha". Hu- ni ya mambo ya kawaida, jua huchomoza, maji huchemka. Tiba hii kwa msuli wa bega bado inafanyiwa majaribio kwa panya, kwa hiyo ukiandika hurudisha unamwambia mtu aende akaiombe hospitali, atafika na hataipata. Tumia -na- ya jambo linaloendelea.

Sentensi ningeiandika hivi: "Kano ya bega ikikatika, msuli wake husinyaa na kuingiwa na mafuta, watafiti wanajaribu kwa panya tiba ya kutumia mitokondria, ambapo mitokondria zenye afya zinadungwa kwenye msuli huo ili kuona kama utapata nguvu tena." Hiyo hu- ya husinyaa nimeiacha makusudi, kusinyaa kumeshathibitishwa.